Kadi ya Mwenzangu

Mjukuu wangu ana usonji. Mwenzangu wa kwaya naye alikuwa na mtoto mwenye usonji, ila yeye daktari wake alimwandikia kadi ya maegesho ya walemavu, ile inayowekwa kwenye kioo cha gari ili uruhusiwe kuegesha karibu na mlango. Daktari wetu alimtazama mtoto akirukaruka, akasema miguu yake ni mizima, hahitaji kadi. Miguu hiyo mizima ndiyo iliyomkimbiza katikati ya magari kila akiniponyoka.

Basi kila Jumapili, huku ughaibuni Scarborough, mwenzangu aliegesha mlangoni pa kanisa. Mimi, niliyeishia darasa la nne nikanunua gari kwa kupika pilau za harusi za watu, niliegesha mwisho wa uwanja na kumburuta mtoto kwenye theluji, huku namwona yule anashuka na viatu vikavu. Nilimwonea wivu mpaka nikawa siwezi kuimba naye vizuri.

Siku moja nikamwambia, "Dada, niazime hiyo kadi wiki hii." Kwetu sufuria kubwa huazimwa, mikeka huazimwa, nikaona na kadi ni vivyo hivyo.

Akacheka. "Kadi ni ya mtoto, mama, si ya gari. Askari wa maegesho wakikukuta nayo watamnyang'anya mwenyewe. Lakini wewe na gari lako kubwa, utakubali kupanda kigari changu?"

Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma kama mzigo, katikati ya watoto wawili. Tukashuka mlangoni, mjukuu wangu hakupata nafasi ya kuniponyoka. Nilishukuru. Lakini ile kadi kwenye kioo bado niliitamani iwe yetu.