Wifi Amevua Kandambili Mbele ya Picha Yangu

Leo nimechekwa nyumbani kwangu, na aliyecheka sasa hacheki tena.

Mjukuu wangu kaniletea rangi za akriliki. Brashi ikanishinda, nikasiriba kwa kiganja kama ukuta.

Nilitaka kuchora Ivuna, kule chumvini tulikoishi kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Sina picha ya kule. Niliogopa nimepasahau.

Weupe ukaelea. Moshi ukapanda. Mbingu ikashuka taratibu.

“Bibi, mbona umemwaga uji?”

“Kamcheke mama yako!”

Mara akaingia wifi yangu, niliyechemsha naye chumvi tukiwa wasichana. Akaitazama picha.

Akavua kandambili.

Kule chumvini hatukukanyaga na viatu, kamwe.

Haya, nyie mliosoma, bado mnaona uji?