Programu imemwambia chef wetu angoje

Leo simu zote za biro, ofisini kwetu, zimelia mara moja, na mimi njo nilitamani ardhi inimeze.

Tuliletewa programu ya kupanga kazi kwenye simu. Kila kazi unaipa rangi: nyekundu ni ya haraka, kijani inaweza kungoja.

Lakini hapa Goma nani atatia kazi ya mukubwa kijani? Unasema "Ndiyo, Papa," halafu unaiacha ilale polepole.

Basi zote zilikuwa nyekundu. Zote!

Asubuhi nikachoka. Ripoti ya bomba la mtaa wa Lac Vert, kule watu wanangojea maji, nikaiweka juu. Mapazia mapya ya chef wetu, Directeur, na kazi zingine, kijani.

Sikujua programu ina mudomo. Ikatangaza jina langu kwa simu zote:

"Mama Neema ameshusha kazi ya Directeur: Mapazia. Inaweza kungoja."

Muzee, chef mwenyewe, akatoka na simu mukononi.

"Mama Neema, kumbe mimi naweza kungoja?"

"Hapana, Papa. Ni mapazia tu, Papa."

Mutu mumoja nyuma yangu akakohoa kwa kuficha kicheko.

Nikayarudisha nyekundu. Mama comptable, yule wa hesabu, akauliza, "Na yangu?" Nyekundu. Ya dereva, nyekundu. Ripoti ya maji ikapotea katikati yao.

Niambieni ukweli: kwenu kuna mwenye anaweza kumwambia chef wake angoje?

Sasa ni saa kumi. Simu imelia tena. Kazi moja imekosa nafasi, programu imeisukuma mpaka kesho.

Niliiandika mimi mwenyewe asubuhi: "Kula."