Kona Iliyopakwa Rangi

Uvumilivu wangu uliisha siku maji ya ziwa yalipompiga mwanangu puani akiwa ananyonya. Yeye alicheka, alidhani anaogeshwa. Mimi nilitoka hivyohivyo, titi moja nje, kumtafuta meneja.

Kiwanda chetu cha samaki kiko Ggaba, kando ya ziwa. Chumba chetu sisi wanaonyonyesha kilikuwa stoo, na bomba la maji ya ziwa ya kuoshea samaki linapita ukutani na kukata kona juu ya benchi letu. Hiyo kona ilishatoboka mara nyingi. Ikitoboka inafungwa mpira wa baiskeli. Wageni wakikaribia, inapakwa rangi ya bluu. Kwa matabaka ya rangi, ilikuwa imenona kuliko mtoto wangu.

Meneja alinitazama usoni tu, kwa bidii sana. "Nnyabo, mama yangu, nimesikia. Chumba tunakifunga leo."

"Kwani chumba ndicho kinavuja?"

"Ni usalama wa mtoto."

Usalama gani? Bila chumba hicho mtoto hana pa kukaa, na mimi sina kazi. Nikamfuata injinia, kijana Mkenya, nikamkuta juu ya ngazi anaifungua ile kona. Nikamuuliza kwa nini hata ikiwekwa mpya haidumu.

"Chuma kikishika kutu, ule utando wa juu hukikinga kidogo," alisema. "Sasa maji yetu yana mchanga, na tangu waweke pampu kubwa yanakimbia kama yamemwona askari. Yakifika kwenye kona yanajigonga upande wa nje, yanakwangua ule utando. Kutu inaota tena, inakwanguliwa tena. Chuma kinaliwa hivyo mpaka kinaisha."

"Na umewaambia?"

"Niliwaambia, mama. Wakanipa kopo la rangi."

Akanishushia kona. Upande mmoja ulikuwa mzima, ule wa nje umebaki mwembamba kama ukucha. Nikamwomba aniachie. Hakuuliza ya nini.

Mchana huohuo nilipeleka malalamiko rasmi kwa wakubwa wa kiwanda, kwa mkono wangu:

"Mimi ni mkata minofu. Nalalamikia kona ya bomba. Chumba hakina kosa. Naomba mchanga uchujwe kabla ya pampu, maji yapunguzwe mbio, na iwekwe kona ya chuma kinene, yenye mpindo mpana. Wakati tunasubiri, chumba kisifungwe. Tubadilishane na meneja, ofisi yake ni kavu. Kona yenyewe nimeiweka juu ya karatasi hii. Tafadhali msiipake rangi."