Mabati ya Carama

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya dirisha la kupokelea pesa, mama mmoja wa mtaa wa Kinama alichukua alizotumiwa na bintiye, mfanyakazi wa ndani huko Oman. Redio ya ofisini ilikuwa ikiwasifu walio ugaibuni kwa kukuza uchumi wetu.

"Alisema ni ya mabati, ya ile nyumba yetu tunajenga kule Carama," mama alimwambia karani, akizifunga kwenye ncha ya kitenge. "Lakini kwanza ntalipa pasipoti ya mudogo wake, na yeye aende."

"Na nyumba, mama?"

"Mudogo akifika kule, atatuma ya mabati."

Nilitamani kuizima ile redio kwa kiatu. Haya, uchumi umekua. Mabati yakishapigwa, nani atalala chini yake?