Jilda, Wosha na Pampu ya Gumbo

Ukitaka kuona kazi ya serikali ikilala usingizi wa pono mchana kweupe, weka wanaume wawili wenye adabu kwenye mlango mmoja. Mimi niliyaona hayo Juba, katika miaka ile ya kwanza ya amani, watu walipokuwa wakirudi kutoka Uganda na Kongo na kuwakuta wenzao waliobaki. Mkuu wa kitengo cha maji alikuwa mzee ambaye hakuondoka nchini muda wote wa vita. Bwana wa stoo alikuwa amerudi juzi tu kutoka Gulu, alikozeekea gereji. Wakikutana kwenye mlango wa ofisi yetu, mmoja anarudi nyuma, mwingine anarudi nyuma zaidi.

"Fadal, mzee, ingia."

"La, la, ya akuy, ndugu yangu. Wewe iko mgeni yetu. Wewe ingia kwanza."

Na mimi niko ndani, chai inapoa, karatasi zinangoja sahihi zao wote wawili. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wangu walikuwa kila mmoja anataka kumwachia mwenzake zizi zima, na ng'ombe juu. Nilitamani kuinuka niwasukume.

Kazi yangu kwa jina ilikuwa karani wa taipu. Kwa kweli nilikuwa mchungaji wa maneno. Idara yetu ilikuwa na vitabu vitatu vya mafundi: cha kitengo cha maji, kilichoeleza namna ya kufungua na kutengeneza pampu za mkono, cha stoo, kilichoorodhesha kila kipuri na rafu yake, na cha karakana, cha malori na jenereta. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza chepesi, lakini majina ya vipuri yaliachwa kama fundi anavyoyatamka akiwa na grisi mikononi, na kila kitabu kilikuwa na faharasa mwishoni, kurasa chache za majina na maelezo. Mkubwa wetu alitaka faharasa iwe moja kwa vitabu vyote vitatu. Kitu kimoja, jina moja, asubuhi hadi jioni. Alinikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa nimesoma Uganda na kulelewa na bibi aliyezungumza Kiarabu cha Juba, na pia, nadhani, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

Usidhani ni kazi ya kukaa. Kila kitengo kilikuwa na nakala yake, na kila mwenye nakala alikuwa na kalamu. Leo nakata stensili, nazungusha mashine ya kudurufu mpaka wino unanifika kwenye viwiko, nagawa kurasa mpya zinazofanana kama mayai. Wiki ijayo napita ofisini kwa watu, nakuta neno limefutwa hapa, lingine limeongezwa pale pembeni, hapa mshale, pale alama ya kuuliza. Ukimuuliza mtu anakwambia, "Ah, dada, hiyo mimi narekebisha kidogo tu." Kidogo tu! Kama kila mpishi angeongeza chumvi kidogo tu, nani angekula?

Neno lililonitoa jasho kuliko yote lilikuwa jina la kitu kidogo kuliko vyote. Ndani ya pampu ya mkono kuna kipande cha ngozi cha mviringo, kinachobana pembeni mwa bomba ili maji yavutwe juu. Kikichakaa, utasukuma mpini hadi mabega yakatike, na utapata hewa. Mafundi waliobaki Sudani walikiita jilda. Waliorudi kutoka Uganda walikiita wosha. Kitabu cha maji kiliandika jilda, kitabu cha stoo kiliandika wosha, na mimi katikati nikaandika barua za kuwaita mkutanoni.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa na haraka, maana wao waliniona mwanamke mwenye kiherehere.

Dada yangu mkubwa alikuwa amerudi kwa neno langu. Mume wake, seremala, alibaki Gulu akingoja kuambiwa: njoo, au narudi. Nilimsihi dada mwaka mzima. Nilimwambia nyumbani ni nyumbani, amani imekuja, watoto watasoma kwao. Akaja na watoto wake, akapata kiwanja Gumbo, ng'ambo ya daraja, upande wa barabara ya Nimule. Akajenga, akapanda bamia nyuma ya nyumba. Pampu ilikuwa karibu na mlango wake, na hiyo ndiyo iliyompendeza kuliko maneno yangu yote. Halafu pampu ikaanza kuvuta hewa.

Kila Jumapili nilivuka daraja kwenda kumwona, na kila Jumapili nilimkuta akitoka mtoni na debe kichwani, shingo imekakamaa, watoto nyuma yake na vibuyu. Maji yenyewe ya matope, mtoto wake wa mwisho ameshaanza kuumwa tumbo. Siku moja alitua debe, akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi nitangoja mvua iishe," alisema. "Barabara ikikauka, kama pampu haijapona, napanda lori. Gulu watoto walikuwa wanakunywa maji ya bomba."

Nikamwambia nitakwenda kumwona mkuu wa kitengo cha maji mwenyewe, kesho asubuhi.

"Usiwasumbue wakubwa wako. Watasema umeleta kazi ya serikali kwenye ua wa dada yako. Fundi amekuja, ameona, ameandika. Acha iende kwa zamu yake."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, dada yangu. Angeweza kuungua na moto bila kupiga kelele, asije akamwamsha jirani.

Mkutano ukafanyika. Nikawaambia mabwana wale wawili: jilda au wosha, chagueni moja, mimi nitachapa. Mzee wa maji akatabasamu. Bwana wa stoo akatabasamu. Mzee akasema neno lolote litakalompendeza ndugu yake wa stoo, yeye ameridhika. Bwana wa stoo akasema afadhali afe kuliko kumwamulia mzee neno. Wakanywa chai. Wakaulizana habari za watoto. Nilipowabana, mzee akaniambia, "Biniya, binti yangu, haraka haraka haina baraka." Niliwaomba jambo moja tu kabla hawajaondoka: msiguse chochote mpaka niwaletee ukurasa mpya. Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima kubwa, wakaenda kukwama mlangoni.

Kisha wiki zikapita. Nikapeleka ukumbusho, nikajibiwa "tunashauriana". Nikapeleka mwingine, nikaletewa salamu. Mvua zilikuwa zinapungua. Kule Gumbo, fundi alikuwa amekwisha kuandika ombi la ngozi, na nilipomuuliza njiani akasema jibu la stoo lilikuja: hakuna. Kitengo cha maji kimeagiza Khartoum, zinangojwa kwa meli. Meli ya Khartoum! Mtu angeweza kuoa na kupata mjukuu. Lakini nikaamini, kwani hakuna ni hakuna. Nikamwambia dada avumilie meli. Akasema, "Sawa," akajitwisha debe.

Asubuhi moja mkubwa alinituma stoo kuchukua wino. Bwana wa stoo alinipokea kwa furaha isiyo ya kawaida, akanishika mkono mpaka kwenye rafu ya nyuma. Palikuwa na makasha yamepangwa vizuri, na kwenye kila moja kibandiko kipya, herufi kubwa za rangi nyekundu: JILDA. Nikafunua kasha la kwanza. Ngozi za pampu, zimelala katika mafuta, nyingi, hazijaguswa.

"Hizi zimekuja lini?" nikauliza.

"Iko hapa siku zote, dada. Mimi nabadilisha jina tu. Kitabu yetu pia, yote nabadilisha. Wosha sasa ni ile ya chuma ya lori peke yake." Alikuwa anang'aa uso. "Wewe hapana ambia mzee. Nataka yeye aone mwenyewe. Hawa watu walikaa hapa, waliteseka na vita, sisi tunakuja juzi. Mimi iko nani kulazimisha neno yangu?"

"Na ombi la ngozi kutoka kitengo cha maji?"

"Hiyo karani wangu alijibu. Wao wanaandika wosha, na wosha ya pampu hakuna kwa rafu. Nikasema labda wanataka kitu mpya, mimi sijui. Kuuliza mzee tena ni kama kusema hajui kuandika."

Sikuchukua wino. Nilikwenda moja kwa moja kitengo cha maji, nikiwa nimeshika ngozi moja mkononi, mafuta yananichuruzikia gauni. Na ninaapa, kabla sijafungua mdomo, mzee alivuta mtoto wa meza akanitolea kitabu chake cha mafundi. Kila palipokuwa na jilda, ukurasa baada ya ukurasa, amekata kwa rula na kuandika juu yake, kwa mwandiko wa shule ya misheni: wosha. Alikuwa amekusanya nakala zote za mafundi wake na kuzifanya hivyo hivyo.

"Biniya, hawa ndugu zetu nateseka sana huko inje," akasema kwa upole. "Sasa narudi nyumbani, sisi iko kataa neno yao? Eb. Hii ni aibu. Lakini wewe nyamaza, mimi nataka bwana wa stoo aone peke yake."

Nikamwonyesha ngozi. Nikamweleza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ile ya stoo, wao nasema hakuna..."

"Na wewe hukwenda kutazama?"

"Mtu nasema hakuna, mimi naenda kufungua stoo yake? Ni kumwita mwongo."

Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Nilipiga kelele ambazo msichana wa kwetu hapigi mbele ya mzee. Nilimwambia adabu yake imekausha koo la mtaa mzima. Nilimwambia amani si kubadilishana makosa. Mlango ulikuwa wazi, na bwana wa stoo, aliyekuwa amenifuata, alikuwa amesimama pale pale kizingitini akingoja kukaribishwa. Nikamvuta kwa mkono wa shati nikamwingiza. Wale wawili wakatazamana, na nakwambia kweli, machozi yalimlenga mzee, si kwa ajili ya pampu, bali kwa sababu mwenzake alikuwa amechukua neno lake, jilda, akaliandika kwa rangi nyekundu. Wakaanza kushikana mikono. Wakaanza kushukuriana! Nikawaacha hapo hapo na shukrani zao.

Fundi nilimkuta nje ananoa kisu. Nikamwambia achukue spana zake, twende sasa hivi. Tulipata lori la mchanga likatuvusha daraja. Jua lilikuwa kali, barabara imekauka nyeupe, vumbi linapanda, na mimi nililiona lile vumbi na nikajua maana yake, nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Mlango wa dada ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Jirani yake, mama mwenye duka la sabuni na chumvi, akatoka akijifuta mikono.

"Wameondoka jana, na lori la Nimule. Mtoto alizidiwa na tumbo." Akaniangalia uso, akaongeza haraka, "Nilimwambia atume mtu kwako mjini. Akasema uko kazini, hataki kukusumbua."

Nilikaa kwenye kizingiti. Sikulia kwa heshima, nililia kwa hasira, kwa sauti, kama mtu aliyeibiwa. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia bwana wa stoo, nikamkasirikia dada yangu kuliko wote, yeye na upole wake wa kuondoka kwa ncha za vidole. Kule kwenye pampu fundi alikuwa amekwisha kutoa vyuma. Kazi yenyewe, ngozi ikiwapo, haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nikasikia mpini ukigonga, hewa ikikohoa, halafu maji yakaanguka kwenye zege.

Wanawake wakaja na madebe kutoka kila upande. Na wakasimama. "Mama wa duka, anza wewe." "Hapana, huyu ana mgonjwa, atangulie." "Ah, mimi nitangoja, chota wewe." Maji yakawa yanamwagika chini, safi, baridi, yanakata mfereji kuelekea barabarani, na kila mmoja anarudi nyuma.

Jirani alinigusa bega. Alikuwa ameshika ndoo ya dada, ile ya bati yenye mpini uliofungwa kwa waya. "Amekuachia. Alisema pampu ikipona, utakuja."

Nikaipokea. Nikapita katikati yao wote, sikusema samahani, nikaiweka ndoo chini ya maji mpaka ikajaa. Nikaibeba nyuma ya nyumba kwenye bamia zake, ambazo majani yake yalikuwa yameanza kujikunja, nikamwaga kwenye shina la kwanza. Nikarudi. Wanawake walikuwa bado wanakaribishana. Nikapita tena mbele, nikachota, nikaenda kumwagilia, na nilifanya hivyo mpaka mstari wa mwisho wa bamia ukalowa, bila kumpisha mtu hata mara moja.