Unga wa Mbao Chini ya Mashine ya Mgiriki

Maneno yalimfikia Tabea mferejini, akichota maji: mashine ya Mgiriki inakunywa damu. Aliyeyaleta ni jirani yake Tekla, ambaye mumewe alifanya kazi huko siku mbili akakimbia bila kungoja mshahara. Kila asubuhi, alisema Tekla, chini ya mashine huonekana wekundu, na kabla vibarua hawajafika nyapara huufunika kwa unga wa mbao.

Tabea alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na habari za mumiani alikuwa akizicheka. Lakini hiyo ya kufunika ilimkwama kooni.

"Mtu hafuniki jambo jema," anasema. "Na anayeiendesha hiyo mashine ni mwanangu."

Mwanawe ni Aminieli Sumari, miaka ishirini na sita, mwenye mke na mtoto mmoja. Mgiriki anayemwajiri ana shamba la kahawa mlimani juu ya Tengeru, na nyuma ya nyumba yake ameweka msumeno wa kupasulia mbao. Mwaka jana, 1955, alileta trekta yenye mikono miwili ya chuma kwa mbele. Aminieli akivuta kishikio, pampu husukuma mafuta kwenye mabomba, na mikono hiyo hunyanyua gogo la loliondo, mti mgumu na mzito, ambalo zamani lilitaka wanaume wanane na wimbo.

Wale wanane sasa wamebaki watatu. Aminieli hupata shilingi sitini kwa mwezi, ishirini zaidi ya msukuma magogo.

Siku hiyo Tabea alikoroga loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, akaitia kwenye bakuli la bati, akaufunga mzigo wake na kupanda mlima. Hakuna aliyemwita.

Alifika saa sita, mashine imezimwa na watu wanajiandaa kula. Gogo lilikuwa limeachwa juu, limelala kwenye mikono ya chuma, ili baada ya chakula liende moja kwa moja msumenoni. Chini yake, penye kivuli, juu ya unga wa mbao laini kama godoro, Aminieli alikuwa amejinyoosha.

Nyapara, Koikai, mtu wa upande wa Kisongo, alimpa Tabea shikamoo yake vizuri, kisha akamuuliza kama amekuja kumnyonyesha mtoto. Watu wakacheka. Tabea naye akacheka kidogo, huku macho yakizunguka.

Alimpa mwanawe bakuli, akakaa pembeni. Alikuwa anatafuta damu, na damu hakuiona. Aliona jambo jingine. Alipofika, ncha ya gogo ilikuwa usawa wa msumari mmoja uliopigiliwa kwenye nguzo ya banda la msumeno. Alipomaliza kuulizwa habari za nyumbani, za migomba na za ng'ombe, gogo lilikuwa chini ya msumari ule kwa upana wa viganja viwili.

"Aminieli, baba, toka hapo," alimwambia.

Aminieli alijibu kwamba atamaliza kula kwanza. Aliona haya, mwanamume mzima kuamriwa na mama mbele ya wenzake. Tabea hakubishana naye. Aliinama, akaingia chini ya gogo, akaketi bega kwa bega na mwanawe.

"Basi tukae wote," akasema. "Mkeo atatuzika wawili kwa siku moja, apunguze kazi."

Hapo Aminieli aliinuka. Alimshika mama yake mkono, wakatoka, bakuli likabaki.

Gogo halikuanguka. Lilishuka polepole, kama mzee anayetafuta kiti, likakaa juu ya bakuli, na bati likalala bapa.

Ndipo Tabea alipofukua unga kwa mguu. Kwa chini ulikuwa umelowa, mwekundu kweli. Akagusa kwa kidole, akanusa. Mafuta. Mafuta ya mashine ile ni mekundu tangu kwenye debe lake. Mpira mdogo wa kuyazuia ulikuwa umekatika, yakawa yanavuja. Na yakivuja, mikono haina cha kuishikilia juu.

"Vibarua watatu walikimbia walipoona ule wekundu," Koikai anaeleza, akitazama viatu vyake. "Nikaufunika ili wengine wasikimbie. Ningemwambia Bwana, angesema mimi ndiye niliyeharibu."

Aminieli naye alikuwa ameona mafuta yakipungua. Kila Jumatatu aliongeza tu, akanyamaza, asije akarudishwa kusukuma magogo.

Kwa hiyo damu haikuwapo. Ila kwa kuogopa isisemwe kwamba ipo, watu wazima walikuwa wakilala chini ya gogo.

Mgiriki aliambiwa siku ile ile. Aligomba nusu saa nzima, kisha akaagiza mpira mjini. Ni mdogo, unaingia kidoleni kama pete. Aminieli bado ni mwendeshaji, lakini anataka kwenda gereji moja ya Ngarenaro ajifunze ufundi, aweze kuifungua mashine na kujua inaumwa wapi.

Tabea hajaiamini mashine, wala Koikai, wala huo mpira mpya. Kila Ijumaa hupanda kutazama. Na wenye watoto au waume kwenye mashine za namna hii anawaomba wawakataze haya:

Kukaa, kula au kupita chini ya gogo lililonyanyuliwa, hata mashine ikiwa imezimwa.

Kuacha gogo juu wakati wa chakula. Lishushwe mpaka ardhini.

Kusimama upande wa bondeni wakati wa kufungua mnyororo unaoshikilia magogo.

Kuziba bomba linalovuja kwa kidole pampu ikiwa inafanya kazi. Mafuta hayo husukumwa kwa nguvu hata hutoboa ngozi.

Kuongeza mafuta bila kuuliza yale ya kwanza yamekwenda wapi.

Kumwaga unga juu ya kitu ambacho hujakinusa.

Kunyamaza kwa kuogopa kukaripiwa. Aliyekaripiwa hurudi nyumbani jioni.