Jivu la Kunde

Jumamosi, upepo na vumbi tangu asubuhi.

Nilikuwa nachanganya kunde na jivu zisitobolewe na wadudu, na harufu ikanirudisha kwa ile tonamenti ya raga ya vijana Mama aliandaa kule kwetu Tawa. Chokaa ilikosekana, akachora uwanja na jivu lake lote la kunde. Mwishoni mwa fainali na vijana wa Kitui, kaka yangu akaweka mpira chini pale pembeni kufunga alama za ushindi, lakini upepo ulikuwa umefuta mstari.

"Mama, wewe ndio ulichora," refa akasema. "Alitoka nje?"

"Alitoka."

Tukakosa kombe. Kaka akalia. "Hata mtoto wako, Mama?"

"Na hao wa Kitui ni watoto wa nani?"

Pengine nakumbuka vibaya, lakini mwaka huo kunde zetu zilijaa matundu.

Jioni tumekula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kunde nzima. Nilitamani zile za Mama za matundu.